Kiti cha Mama Mkwe

Kati ya mwaka 2014 na 2016 nilifanya kazi na Mwingereza mmoja aliyekuwa akikarabati samani kuukuu huko Gahanna, pembeni mwa Columbus, Amerika, na muda wote huo tuligombana karibu kila siku juu ya jambo lile lile. Yeye alitaka kitu kizee kiendelee kuonekana kizee. Mimi nilitaka king'ae. Niliona ni uvivu wake tu, na wiki ya kwanza nilimwambia hivyo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kuchemsha chai.

Chai ndiyo ilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Gundi ikikataa kushika, chai. Mteja akipiga simu kufoka, chai. Alikuja Amerika akiwa na miaka thelathini na kitu, akimfuata mwanamke wa Buffalo aliyekutana naye huko kwao Uingereza. Wakaoana, wakahamia Columbus, na miaka michache kabla sijamjua, mke akafariki. Watoto hawakujaliwa. Alibaki na karakana, birika, redio isiyoshika stesheni hata moja vizuri, na mama mkwe kule Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo. Watu walipomuuliza kwa nini harudi kwao, alisema kuna kabati la mteja bado hajalimaliza.

Tulikutana kanisani kwetu, Whitehall. Alikuja kurekebisha mabenchi, nami nikasimama nyuma yake nikimtazama. Nilijikaza ninyamaze, nikashindwa, nikamwambia kiungo kile hakijakaa. Hakukasirika. Alinipa patasi, nikakikalisha. Nilikuwa nikifungasha maboksi kwenye ghala wakati huo, na mgongo ulikuwa umeniisha. Wiki mbili baadaye niliaga ghalani. Jina langu lilimshinda kulitamka, nikamfundisha neno "Fundi", naye akaniita hivyo tangu siku hiyo. Mimi nilimwita Mzee. Alikuwa na miaka sitini na ushee, na alilipenda neno hilo kuliko alivyokubali.

Jirani yangu Mkongo, wa ghorofa ya chini, hakuielewa kazi yangu kabisa. "Bon, dada," aliniuliza siku moja tukisubiri mashine ya kufulia, "ile muzungu yako anatengeneza viti ya zamani, halafu inabakia ya zamani? Donc, anatengenezaka nini?" Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza vivyo hivyo.

Lazima nieleze nilikotoka, la sivyo mtaniona mjinga tu. Mimi ni Mrundi, lakini nimekulia kambini, Kigoma, Tanzania. Baba alikuwa seremala. Ndugu zangu wa kiume walipenda mpira, kwa hiyo randa ikaniangukia mimi. Mbao mpya hazikuwapo. Tulitumia za vitanda vya watu waliohama, waliorudi nyumbani, au waliokufa, na hakuna aliyetaka kulalia kitanda ambacho bado kinamwonyesha mwenyewe wa kwanza. Baba alipiga randa mpaka mtu wa kwanza akatoka kabisa. Jina lililochorwa kwa msumari, doa la mafuta ya taa, alama za meno ya panya, vyote viliondoka. Ndipo aliposema kazi imekwisha, na mtu alikuja kuchukua kitanda chake kwa furaha. Hayo ndiyo niliyoyajua kuwa ni ustaarabu.

Basi, vuli moja Mzee alirudi kutoka Buffalo na kiti cha bembea nyuma ya gari. Kilikuwa cha msonobari, mbao laini, cheusi kwa kushikwa, na viungo vyake vilikuwa vimelegea kiasi kwamba kililia hata kikiguswa na upepo wa mlango. "Cha mama mkwe," alisema. "Viungo tu, Fundi. Usiguse kingine." Kesho yake asubuhi akaondoka kwenda Louisville kwa siku mbili, kuhamisha samani za nyumba moja ya zamani kabla haijabomolewa.

Nataka mjue kwamba habari ya Mzee na mama mkwe wake ilikuwa inanikera tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilipomsikia kwenye simu akimwita mama yule kwa jina lake, tena jina la kukatisha kama la mtoto, msasa ulinidondoka. Kwetu mama mkwe humwiti hivyo. Hupiti mbele yake ovyo, huli mbele yake ukatafuna kwa kelele, na ukimpelekea kitu, kinakuwa kizuri kuliko ulivyo navyo vyote nyumbani kwako. Nilimsema Mzee nikachoka. Alinijibu kwamba ukimwita vingine, mama yule anadhani mmegombana.

Nilikaza viungo siku ya kwanza, na ilikuwa kazi safi. Siku ya pili nilibaki nacho mbele yangu. Mkono wa kulia ulikuwa na doa la kuungua. Wa kushoto, mbele kabisa mahali kidole gumba kinapokaa, ulikuwa umetafunwa. Vishimo vidogo vidogo, vimejipanga. Nikasema moyoni, panya. Mzee huyu anataka kumrudishia mama mkwe kiti kilicholiwa na panya, na kwa sababu ni Mwingereza hata aibu haoni. Hana mke wa kumwambia, hana dada hapa. Nikaona ni juu yangu kumfichia aibu. Kimbelembele changu hicho, sina wa kumlaumu.

Nikashika randa. Nikafuata na msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, halafu nta ya nyuki mara tatu. Sitaki unafiki, kilikuwa kizuri. Baba angekizunguka mara mbili bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa.

Mzee aliporudi kutoka Louisville alikuwa amejaa vumbi na furaha, ananisimulia juu ya ngazi iliyokatika. Kisha akakiona kiti. Akaweka kidole gumba kwenye mkono wa kushoto, akakipeleka mbele na nyuma.

"Hapa palikuwa na alama," alisema.

"Za panya," nikamwambia. "Nimezitoa zote."

Alikaa juu ya ndoo ya rangi. Baadaye akainuka, akajaza birika maji, akalisahau bila kuliwasha. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu, maana sikuwa nimewahi kumwona akisahau birika.

Hazikuwa za panya. Zilikuwa za marehemu mke wake, akiwa mtoto wa miezi kumi, meno yanamwota, anasimama kwa kushikilia kiti cha mama yake, na kila siku alikuwa anauma pale pale. Mama alikataa pasafishwe. Sasa mama huyo alikuwa na miaka themanini na saba, macho yamebaki ya kuona kivuli tu, na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Jumatatu alikuwa anahamia kwenye makao ya wazee, chumba kimoja, na walimruhusu kuingia na kiti kimoja cha kwake. Mambo mengine yalikuwa yanampotea, lakini akikaa pale akaweka kidole kwenye meno yale, binti yake alimrudia mzima, na jina lake, na sauti yake. Ndiyo maana kiti kilitakiwa kikazwe tu. Mzee aliniambia yote hayo bila kupandisha sauti. Heri angenitukana.

Niliinama sakafuni nikaanza kuchambua vumbi la randa, sijui nikitafuta nini. Kisha nikamwambia nitayachonga upya kwa patasi, nina mkono mzuri, mama hatagundua. Akatikisa kichwa. Alisema maisha yake yote hajawahi kuweka alama ya uongo kwenye mbao, na hataanza na mama mkwe wake. Jambo hilo nililijua. Wateja walikuwa wanamletea meza mpya azifanye zionekane za babu zao, na aliwarudisha mlangoni kwa adabu kabisa.

"Huenda hatatambua," alisema.

"Basi mimi nitakipeleka na wewe," nikasema. "Nimekiharibu kwa mikono yangu."

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikabeba kingine kipya cha zawadi, mchele na kilo mbili za sukari, kwa sababu hata kama nakwenda kuomba radhi, siendi kwa mama mkwe wa mtu mikono mitupu. Binti yangu alinitazama mlangoni akaniambia kwa Kiingereza kwamba Buffalo kuna maduka. Njiani, saa tano nzima, Mzee aliongea juu ya gundi. Nilimwacha aongee, maana nilijua anaogopa.

Nyumba ilikuwa ya mbao, karibu na uwanja wa ndege, maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Mama alikuwa mdogo wa mwili, mvi kichwa kizima, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa. Mzee alimbusu, akamwita kwa lile jina lake la kukatisha, akaweka kiti cha bembea nyuma yake, akamsaidia kukaa. Mama akatabasamu. Mikono ikashuka mahali pake. Kidole gumba cha kushoto kikatambaa mbele, kikasimama, kikarudi, kikatambaa tena. Tabasamu likamtoka polepole.

"Hiki si changu," alisema.

"Ni chako. Tumekikaza."

"Changu kina meno yake." Akaanza kupapasa chini ya mkono, pembeni, kila mahali, haraka haraka. "Yuko wapi? Mmempeleka wapi?" Kisha akatulia na kusema kwa sauti ya chini kwamba tukichukue. Huko anakokwenda atakaa kitandani.

Nilipiga magoti mbele yake nikaishika ile mikono yake miwili. Sikujua Kiingereza cha kutosha kwa jambo lile, nikasema kwa kile nilichonacho. Nikamwambia ni mimi, si mkwewe. Nikamwambia nilidhani ni panya, na kwetu huwezi kumrudishia mama mkwe kiti kilichotafunwa.

Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Yaani mkwe wangu ananiheshimu kiasi hicho?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Yeye anakuita kama mtoto. Ni mimi niliyekuheshimu."

Akacheka kidogo, nikadhani tumepona. Lakini kidole chake kilirudi kwenye ile mbao laini, na kicheko kikakatika, na machozi yakaanza kumtoka. Alisema jina la binti yake, kisha akasita, akauliza kama ndilo. Mzee akamwambia ndilo. Akauliza tena. Nikamwambia Mzee kwa ukali, mbele ya mkwewe, anipe patasi na aache ugumu wa kichwa, uongo huu Mungu atausamehe.

Alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na gari, mikono mfukoni, na nikajua ndani ya gari patasi ziko sita. Aliporudi hakuwa nayo hata moja. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya boksi. Kisha yule mtu aliyekuwa akijifuta midomo kwa kitambaa baada ya kila funda la chai akapiga magoti kando ya kiti, akainamisha kichwa chake chenye mvi, na akauma.

Aliuma kwa nguvu. Nilisikia msonobari ukilia. Alipoinua uso alikuwa na nta midomoni na machozi yanamtiririka, naye hakuyafuta. Mimi nilikuwa nalia zamani.

Mama hakuwa ameona chochote. Alisubiri mpaka mkono wa kiti ulipoachwa, akaweka kidole gumba, akakipitisha pale taratibu, jino kwa jino.

"Ya binti yangu yalikuwa madogo," alisema mwishowe. "Haya ni ya mume wake."

Kidole hakikutoka pale. Akalisema jina la binti yake mara moja, na safari hii hakuuliza.