Filipo na Dude la Nyotani

Filipo Nangumbi alikuwa na umbo dogo, ubishi mkubwa, na ufundi wa kuchonga vinyago ambao sijauona kwa mwingine. Nasema hivyo mimi Waziri, mwenzake wa jando. Anayetaka kubisha na abishe.

Mwaka 1971 Wazungu wa televisheni walishusha makasha yao bandarini Mtwara, nami nikayabeba kwa lori hadi Msimbati, nikabaki kuwa mkalimani wao. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa watu wanaosafiri nyotani, na mchanga wetu ndio ungekuwa hiyo nyota. Jamani, nilishangaa! Chombo chao cha angani kilikuwa vibao vyembamba vilivyopakwa rangi ya fedha, vikaning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Ukichungulia kwenye kamera, mshipi huuoni, unaona chombo kinapaa. Nilichungulia mara tatu, na mara zote tatu mwili ulinisisimka.

Kilichowashinda ni dude la nyotani. Kichwa chake kilikuwa cha mpira, na aliyekivaa alizimia mara mbili kwa joto. Filipo, aliyeajiriwa kuwachotea maji, alikigeuzageuza kichwa kile akacheka.

“Waziri, waambie anayekivaa atazamie mdomoni,” aliniambia. “Macho ni ya kutishia tu. Na wachonge mti mwepesi.”

Mkubwa wao akampa siku tatu akichonge yeye. Filipo alikwenda kuchongea porini, ndani ya ua, maana kwetu mwanamke hatakiwi kujua kwamba ndani ya kinyago mna mtu. Kwa sababu hiyohiyo alikataa kumvisha mgeni ambaye hakupita jandoni, siri hiyo inakofunzwa. Akavaa mwenyewe, nguo zikamfunika mpaka vidole.

Dude lilipochomoza nyuma ya kilima cha mchanga, wapishi walipiga yowe wakatimua mbio, Helena, mke wa Filipo, akiwa mbele yao. Mshika kamera alirudi nyuma hatua mbili. Mimi niliyejua kila kitu nilitetemeka, na sioni haya kulisema.

Mkubwa akafurahi, akataka picha nyingine: dude livue kichwa, watazamaji wa kwao waone mambo yanavyotengenezwa. Wapishi walikuwa wamesharudi, wanachungulia. Nilitafsiri kwa kunong'ona. Dude likabaki na kichwa chake. Mkubwa akafoka kwamba asipovua, kazi yake imekwisha leo hii. Nikatafsiri hilo nalo. Filipo akageuka, akatokomea vichakani.

Baada ya saa nzima alitokea njia ya kisimani na ndoo zake mbili.

“Mmeshamaliza?” akauliza.

“Umekosa mengi, baba Theresia,” Helena alimwambia. “Limekuja dude hapa, sijaona la kutisha vile tangu nizaliwe!”

“Basi bahati yangu mbaya,” alisema Filipo.

Helena akamkalisha kwenye gogo, akachovya kidole katika mafuta ya nazi, akampaka taratibu kwenye paji la uso, pale mti ulipomchubua. Hakumuuliza amechubukaje.