Zamu ya Kushona Makuti

Harufu ya makuti yaliyolowekwa, nzito na chachu kidogo, ndiyo iliyonijulisha kwamba masika yamekaribia. Kwetu Msambweni wanawake walishoneana makuti kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, hadi kila paa likatengenea. Zamu ya mama ilipofika, ua ulijaa. Waliketi mikekani, vidole vikikunja majani juu ya fito, vinywa visipumzike. Hatukuwa na cha kuwapa ila mihogo ya nazi, na hakuna aliyetazamia zaidi.

Mwaka mmoja kaka yangu Bakari, aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, alileta mabati mapya kwa mkokoteni, yanang'aa hadi macho yakauma. Shangazi Mwanasha aliweka chini kuti lake.

"Haya, bwana mkubwa! Sasa sisi tutakuja kwenu kwa lipi? Kupigilia misumari?"

Wote walicheka isipokuwa mama. Alimvuta Bakari hadi jikoni, nilipokuwa nikikuna nazi.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini sitayaezeka."

"Mama, wenzangu wote wamewaezekea mama zao. Nitaonekana sikujali."

"Tangu baba yenu afariki, nani huingia ua huu akajua kama nimekula? Ni hawa. Kila mwaka wana sababu ya kuja, nami nina sababu ya kwenda kwao. Nikiweka bati, sababu imekwisha."

Bakari aliumia; nilimwona akitazama chini. Mama akamwomba ayapeleke chuoni, ambako watoto walisoma Kurani huku wakilowa. Akayapeleka. Aliporudi aliketi mkekani, akashona kuti lake la kwanza.

"Hilo litavuja hata umande," shangazi akamwambia, naye akacheka kwa shida.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Wale wanawake waliobaki walikuja bila kuitwa, wakapika, wakalala nasi mpaka matanga yakaisha.

Kisha nilirudi kwangu Ukunda, kwenye nyumba ya vigae ambayo haijawahi kuvuja. Nina friji, nina geti la chuma. Majirani ni watu wema, ila hatuna linalotukutanisha. Jana nilipika mbaazi nyingi kuliko ninavyoweza kula, nikajaza bakuli, nikapiga hodi mlango wa pili.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Nilisimama na bakuli langu la moto. Miaka yote hiyo, hata jina langu hawakulijua.