Mama Alisikia Harusi Bichi

Admin, ficha jina langu na hata jina la duka ninalofanyia kazi. Kericho ni mji wa kujuana, na mimi bado nataka kutembea barabarani kichwa kikiwa juu.

Nina miaka ishirini na tisa, Mkipsigis wa Boito, na nauza mabati na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nimechumbiwa na mwanaume ambaye hapa nitamwita Omosh. Wazazi wake, watu wa kabila lingine, walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na yeye akazaliwa huku huku, kwenye nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis anakiongea vizuri kuliko binamu zangu wa Nairobi. Ananipenda, hanywi, na simu yake hanifichi. Mnaotaka kuandika "achana naye", pitieni tu, hilo silo swali langu.

Shida ilianza siku ya koito, siku ambayo watu wake walikuja kwetu kuzungumza mambo ya mahari. Mazungumzo yalienda vizuri, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ikanywewa, wazee wakacheka. Halafu baba yangu mdogo akasimama kutoa shukrani, akasema, "Huyu mgeni wetu anaongea lugha yetu vizuri sana, hebu tumpigie makofi." Tukapiga. Mimi mwenyewe nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Omosh alitabasamu, lakini mimi namjua, lile halikuwa tabasamu lake.

Nilipokuwa namsindikiza barabarani akaniambia, "Babe, nimezaliwa hapa, nimesomea hapa, kitovu changu kimezikwa hapa. Na bado mimi ni mgeni?"

Nikamwambia baba mdogo hakuwa na nia mbaya.

"Najua hakuwa na nia mbaya. Hiyo ndiyo inauma."

Wiki chache baadaye akaja na wazo la harusi Diani, kwenye mchanga kando ya bahari, watu thelathini peke yake kwa sababu hoteli haichukui zaidi. "Kule kila mtu ni mgeni," akasema. "Mimi, wewe, mzee wako, sisi wote. Hakuna mwenye atanipigia makofi." Nilikubali papo hapo. Tena nisiwadanganye, zile picha za bahari nilizipenda pia.

Nikampigia mama, na mtandao wa kwetu ni wa kubahatisha. Nikamwambia kwa furaha, "Mama, tumeamua kufanya harusi ya bichi!" Akasema, "Sawa, tutaomba." Nikadhani amefurahi. Kumbe alichosikia ni harusi bichi. Mbichi, kama majani ya chai kabla hayajafika kiwandani. Jumapili akasimama mbele ya kina mama wa kanisa, akaomba wamshike mkono kwa maombi kwa sababu binti yake anafanya harusi mbichi. Kesho yake, baba akiwa kwenye foleni ya kupima majani, watu waliodhani ni harusi ya haraka ya kuficha mimba wakawa wanamuuliza ni ya miezi mingapi.

Ilibidi niombe ruhusa kazini niende nyumbani kueleza. Mama alipoelewa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Baba hakucheka. Akaanza kuniuliza polepole, kikombe mkononi.

"Kogo ataenda?"

Kogo ni nyanya yangu, hata sokoni siku hizi hafiki. Nikasema hapana.

"Majirani wenye walipika hapa siku ya koito?"

"Hapana, baba. Ni watu thelathini tu."

"Thelathini? Hao hata kaburi hawawezi kufunika." Akaweka kikombe chini. "Basi mama yako alisikia vizuri. Hiyo harusi ni mbichi. Koito ilikuwa tu ya kuwasha moto. Sasa nyinyi mnataka kutoa sufuria kwa moto mkimbie nayo Mombasa. Mimi siendi kula kitu haijaiva."

Nililia pale pale. Nikamweleza kuhusu lile neno mgeni na jinsi lilivyomchoma Omosh. Baba akashangaa kabisa. "Lakini si tulimpigia makofi? Mgeni si ndiye tunapea mursik ya kwanza?" Kwake hiyo ilikuwa heshima. Hakuelewa.

Nikarudi kwa Omosh, nikamwomba tufanyie kwetu Boito. Hakukasirika, na heri angekasirika. "Mzee akikubali kuja Diani nitambeba kwa mgongo," akasema. "Lakini nisimame kwenu siku ya harusi yangu nipigiwe makofi tena kama mtoto wa nursery? Hiyo siwezi."

Nikaamua moyoni kwamba nitaolewa Diani hata baba asipokuwepo, na atazoea. Nilikuwa na hasira na wote wawili. Halafu juzi mama akanipigia kwa sauti ya chini. Akaniambia baba alikuja jikoni kumuuliza kama sinendet, ule mmea tunaowavika maharusi shingoni, unaweza kufika Mombasa bila kunyauka ukifungwa kwa kitambaa chenye maji. Baba yangu hajawahi kupita Nairobi. Mama akamuuliza, "Kwani unaenda?" Akajibu, "Nauliza tu." Baadaye, akiwa anatoka, akasema, "Na huko nitakaa wapi? Nitakaa tu nyuma. Mimi huko si ni mgeni."

Tangu siku hiyo nikiuza misumari naikosea saizi. Omosh alikimbia neno hilo mpaka baharini, na sasa nakwenda kumvika baba yangu neno lile lile, kwenye harusi ya binti yake.

Hoteli inataka jibu wiki hii. Omosh sijamwambia habari ya sinendet, maana najua ataumia. Harusi ni moja, na popote nitakapoipeleka, mmoja wa wanaume hawa wawili atakuwa mgeni. Nyinyi mliooa na kuolewa na watu wa makabila mengine, niambieni bila kunificha: nimwombe yupi akubali kuwa mgeni?