Mwiko wa Plau

Lori la Mhindi liliniteremsha Mkiwa asubuhi, na kutoka pale nikatembea hadi nyumbani, upande wa Issuna, mkono wa kulia nimeufunika kwa blanketi. Nasema mkono, lakini kiganja hakikuwapo. Kilibaki kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa, katika korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Ilivuta jani, na mimi nilikuwa bado nimelishika. Msimamizi alipokuja kunitazama hospitalini hakuniuliza hali. Alisema, "Umezembea," akageuka. Nilipopata nafuu wakanipa tiketi ya treni ya kunifikisha Manyoni, na hilo blanketi. Mahali pangu kwenye mashine palipata mtu mwingine siku ile ile niliyoumia. Lile neno "umezembea" nimeishi nalo miaka yote hii, na hasira yake haijapoa.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya pili ya manamba, kibarua cha mkataba mkongeni. Safari ya kwanza ndiyo iliyoninunulia plau. Wakati huo kwetu plau zilikuwa chache. Karibu watu wote walilima mtama na uwele kwa jembe la mkono. Mimi nilijifunza kwa Wanyiramba, waliotutangulia katika mambo hayo. Nilichagua madume mawili machanga ya ng'ombe, nikayahasi, nikayafundisha nira mwenyewe, mpaka maksai wale wakawa wanageuka kwa mluzi wangu tu. Nikishika mishikio ya plau, mstari ulinyooka kama kamba iliyovutwa. Watu walikuwa wakisimama njiani kutazama. Halafu ukaja ukame, na Serikali ya Mwingereza haikuwa na habari na ukame. Kodi ilitakiwa vile vile. Nikarudi mkongeni, nikawaacha maksai na plau kwa kaka yangu mkubwa anitunzie.

Mke wangu alinipokea bila kulia. Alifunua blanketi, akatazama kigutu, akakifunika tena, akaenda kuteleka maji. Kesho yake nikaenda kwa kaka. Nilimkuta na majirani wawili wamekaa nje ya tembe lake.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu ni kaka yangu mkubwa, na shikamoo haiulizi kama mtu anastahili.

"Marahaba. Pole kwa yaliyokupata."

"Nimekuja kuchukua maksai wangu na plau. Mvua ziko karibu."

Akacheka kidogo, akiwatazama majirani. "Utaishika kwa mkono gani? Mkono mmoja haulimi. Waache hapa hapa. Mimi nikimaliza kwangu, nitakuja kuwasaidia."

"Ukimaliza kwako, mvua zitakuwa zimekwisha."

"Basi hayo anayajua Mungu."

Nilikwenda kwenye zizi, nikaondoa magogo ya mlangoni kwa mkono wa kushoto na goti, nikapiga mluzi. Maksai wakatoka. Shingo zao zilikuwa na vidonda vya nira iliyofungwa vibaya. Nilipoviona vidonda vile nilitaka kumrudia kaka nikampige kwa kigutu hicho hicho. Nikawatanguliza maksai nyumbani, wakiburuta plau nyuma yao.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilijaribu peke yangu. Mke wangu alinikataza, nikamwambia anyamaze. Nilifunga mkanda wa ngozi kwenye mshikio wa kulia, nikauzungusha juu ya kigutu, nikashika mshikio wa kushoto kwa mkono uliobaki. Tulikwenda hatua chache tu. Ncha ya plau ikagonga mzizi, mshikio ukaruka, ukanipiga penye kovu. Nilianguka juu ya udongo, na maksai wakaendelea, wananiburuta kwa ule mkanda mpaka nilipopata pumzi ya kuwasimamisha. Kovu lilikuwa limefunguka na damu inatoka.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa shamba na jembe lake la mkono. Alikuja, akalitupa chini, akafungua mkanda.

"Niachie," alisema, ameshika mishikio.

"Huwezi."

"Na wewe je?"

Nikaenda mbele, nikashika kamba ya maksai kwa mkono wa kushoto, na ili niione plau ikabidi nitembee kinyumenyume, uso nimewageuzia maksai na mke wangu. Ndivyo tulivyolima msimu ule. Nilijikwaa kwenye visiki, nikaanguka chali mbele ya ng'ombe niliowafundisha mwenyewe, nikainuka, nikaendelea kupiga kelele.

Kelele ndiyo hasa niliyokuwa nayo. Nilifikiri kumfundisha mtu kitu unachokijua ni jambo rahisi: unasema, anafanya. Kumbe nilichokijua mimi nilikijua kwa viganja na mabega, na kimoja kati ya viganja hivyo kilikuwa kimeozea mkongeni. Maneno sikuwa nayo. Plau ilipotoka ardhini nilisema, "Sio hivyo." Ilipozama mno ikawazuia maksai, nilisema, "Sio hivyo." Aliniuliza, "Ila vipi?" nami nikarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwona anakandamiza mishikio kwa uzito wake wote, na mwili wangu mzima ulitaka kumsukuma pembeni, ufanye wenyewe.

Siku moja aliwasimamisha maksai katikati ya shamba.

"Baba watoto, unanipigia kelele kama yule msimamizi wako wa mkonge. Kwamba nimekosea, hilo naliona. Niambie nifanye nini."

Neno lile liliniuma kuliko kidonda. Nilikaa chini juu ya udongo uliopinduliwa, nimegeuka upande, nisimwonyeshe uso. Nikafikiri. Nilijaribu kuwaza mikono yangu yote miwili iko kwenye mishikio, niisikilize inafanya nini. Baada ya muda nikasema, "Jembe la mkono unalikandamiza ili lizame. Plau sivyo. Plau ukiikandamiza, ncha inainuka, inatoka. Ukitaka izame, inyanyue mishikio kidogo tu, halafu iache ijiendee."

"Kwa hiyo nisitumie nguvu."

"Nguvu ni ya ng'ombe."

"Basi ni kama kusaga. Ukilikandamiza jiwe la juu unachoka bure na unga unakuwa chenga. Jiwe ndilo linalosaga, wewe unaliongoza." Akashika tena. "Ungesema hivyo tangu juzi."

Mimi maisha yangu yote sikuwahi kusaga mtama, ningesemaje hivyo? Lakini mstari alioutoa baada ya hapo ulikuwa mstari. Haukunyooka, ila plau haikutoka ardhini hata mara moja. Kufikia mwisho wa juma ulinyooka. Nilikuwa nikikasirika alipokosea, na Mungu anajua, nilikasirika zaidi alipopatia. Nilimtazama anaigeuza plau mwisho wa shamba kwa kuilaza ubavuni, kama nilivyomwambia. Kilikuwa kitu changu kile. Sasa kilikuwa kinafanywa mbele ya macho yangu, vizuri, na mtu mwingine, na mimi nimeshika kamba.

Tulikuwa tumefika nusu ya shamba, mvua ikasita. Siku zikapita, jua likawa kali, mimea iliyochipua ikaanza kujikunja. Ndipo tukaitwa kwa jumbe, yule aliyewekwa na Serikali kututawala pale kijijini.

Barazani kwake tulikuta watu wengi wamekaa, na kaka yangu yuko karibu naye.

"Mvua imeonekana Ihanja," jumbe alisema. "Kwetu imekatika. Kwa nini?"

"Kila mtu anajua kwa nini," kaka alisema. "Mwanamke ameshika plau. Ng'ombe na mwanamke hawakai pamoja shambani. Ni mwiko."

Niliinuka. "Mzee, huo mwiko ni wa nani? Wa babu zetu? Babu zetu hawakuiona plau. Imekuja juzi kwa lori, ikatoka dukani kwa Mhindi. Ina maana mwiko nao uliletwa na lori?"

Wengine walicheka. Jumbe hakucheka. Akamtazama mke wangu, akamwuliza kama ana la kusema.

Mke wangu alipiga goti kwanza, kwa heshima. "Mwiko ninaoujua mimi, mzee wangu, ni wa kusongea ugali. Na huo nao utakaa bure mwaka huu, kama hatutalima."

Nilijua tumewashinda kwa maneno, na nilijua kwamba haitatusaidia. Jumbe akaamua: plau ikae kwa kaka yangu mpaka mvua irudi, na sisi tutoe mbuzi wa kuisafisha ardhi. Mbuzi alikuwa wangu. Nyama waliila wao, na kaka yangu alikula akiwa amekaa mkabala nami.

Mvua ilirudi. Plau haikurudi. Tuliona kwa mbali kaka analima shamba lake kwa plau yangu na ng'ombe wake, asubuhi mpaka jua kali, wakati udongo wetu unalowa bure. Nilichukua panga. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Ukienda wewe mtapigana, na jumbe atakufunga. Naenda mimi."

Nilimfuata kwa nyuma, mbali kidogo. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Kaka alikuwa katikati ya shamba, na wanawe na baadhi ya majirani wako hapo wanapanda. Mke wangu alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye plau.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kuchukua plau yetu." Akainama, akafungua mnyororo unaoiunganisha na nira, akainyanyua ile plau nzito akaiweka begani.

"Iweke chini. Jumbe aliamua."

"Jumbe alisema mpaka mvua irudi. Shemeji, umelowa."

Kaka alinyoosha mkono, akashika mshikio mmoja. Wakasimama hivyo, matone yanawadondoka. Kuvutana na mke wa mdogo wake kwenye matope, mbele ya wanawe, ilikuwa aibu ambayo hata yeye hakuthubutu kuibeba. Akauachia. Mke wangu alinipita pale nilipokuwa nimesimama, akaenda nayo nyumbani, nami nikaenda kuwafunga maksai nira.

Tulilima mpaka shamba likaisha. Jumbe hakutuita tena. Nadhani alisubiri mvua ikatike aonekane mkweli, nayo haikukatika. Tulivuna mtama wa kutosha. Msimu uliofuata akaja jirani mmoja, mumewe yuko mkongeni, akaomba afundishwe. Akaja mwingine. Wanaume wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa na manamba, na njaa ilikuwa inawatazama wanawake usoni. Niliwafundisha. Nilitumia maneno ya mke wangu, ya jiwe na unga, maana yale yangu hayakumfaa mtu. Wakaanza kuniita mwalimu. Walidhani wananifurahisha.

Halafu siku moja mchana akaja jumbe mwenyewe na fimbo yake. Wanawe wote walikuwa wamekwenda kazini mbali.

"Nina mke wa mwanangu pale nyumbani," alisema baada ya salamu. "Ni kijana, ana nguvu. Ningependa umwonyeshe."

"Na mwiko, mzee?"

"Mambo yanabadilika."

"Hayabadiliki yenyewe. Mbuzi wangu mlimla."

Alitazama fimbo yake. Ningemwacha akae vile mpaka jua lizame, lakini mke wangu akasema kutoka ndani, "Mlete, mzee. Kesho asubuhi."

Nilimfundisha yule binti. Yeye hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa na mikono mizuri, anasikia udongo kabla hujamwambia, na nilikuwa mkali kwake kuliko wengine kwa sababu hiyo.

Alikuwa bado anajifunza, shambani kwetu, siku alipokuja bwana shamba Mzungu katika ziara yake, pamoja na karani wa kumtafsiria, na jumbe akiwatangulia. Walisimama kando wakatazama. Mke wangu alikuwa ameshika kamba, binti ameshika mishikio, mimi natembea pembeni. Mzungu aliuliza jambo, karani akalitafsiri: nani amewafundisha wanawake kazi hii?

"Ni mimi niliyewaagiza," jumbe alisema. "Niliona wanaume wamepungua, nikasema akina mama wasikae bure."

Mzungu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa mkono. Mke wangu aliiacha kamba akanishika kiwiko, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Mwambie amwulize jumbe alimla mbuzi wa nani," nilimwambia karani. "Mwambie tulinyang'anywa plau hii kwa sababu mwanamke aliishika."

Karani alimtazama jumbe. Akanitazama mimi, akatazama kigutu changu. Kisha akamwambia Mzungu maneno mafupi ya Kiingereza. Sikukijua Kiingereza, sijui alisema nini. Mzungu akanitazama, akatabasamu.

"Vizuri sana," aliniambia kwa Kiswahili chake.

Wakaondoka kuelekea barabarani, jumbe mbele, anaonyesha mashamba kwa fimbo. Niliwatazama mpaka mke wangu aliponiambia kwamba mstari umepinda, binti ananisubiri nimwambie la kufanya. Ulikuwa umepinda kweli. Nikaenda, nikamwambia.