Sponji ya Kochi, Si ya Godoro

Taarifa ya msiba iliingia asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa Kiwalani, ikabanwa kati ya tangazo la kukatika maji na picha ya mtu anayeuza vifaranga. Ilisema tumempoteza "mdau mkubwa wa TEHAMA". Nikajiuliza ni nani huyo, maana mtaani kwetu mdau wa TEHAMA ni yeyote anayejua nywila ya waifai ya jirani. Niliposoma mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba ni mzee wetu wa steshenari, yule mchonga vinyago wa zamani kutoka kusini, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mdau wa kitu chochote. Sote tulimwita Injinia Sponji. Jina hilo nililibuni mimi, hapa hapa kwenye safu hii, na leo naeleza lilikotoka, kwa sababu mara ya kwanza sikueleza yote.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati lililo karibu na utosi, ndani mna printa, mashine ya kulaminishia vyeti na kompyuta ya mezani iliyokwisha kupita mikono mingi. Vinyago vilipokosa wanunuzi ndipo alipoingia kwenye kazi hiyo, na kilichomweka mjini hasa ni wasifu wa marehemu. Mtu akifiwa Kiwalani, akishalia na kuagiza turubai, alikwenda kwa mzee, akaketi kwenye kigoda kando ya kompyuta na kumsimulia maisha ya mpendwa wake, naye mzee akachapa kwa vidole viwili. Na nyie mnajua wasifu wetu ulivyo. Kila marehemu alikuwa mpole, mchapakazi na mpenda watu. Ukikaa mwaka mzima kwenye misiba ya mtaani kwetu utashangaa wale walevi, wagomvi na wambea tunaoishi nao wanazikwa wapi.

Tatizo lilikuwa diski ya kompyuta ile. Ilikuwa kuukuu, ikizunguka inakoroma, na mtetemo wake ulihamia kwenye kasha la chuma, ukatoka hapo ukaingia mezani, ukaishia kwenye ukuta wa bati, chumba kizima kikawa kinanguruma. Siku moja mjane mmoja alikatisha maelezo yake katikati, akaifuta pua kwa upande wa khanga na kusema, "Baba, hiyo mashine yako inanicheka." Mzee aliona haya isiyo na mfano. Mtu mwingine angetafuta diski nyingine. Yeye alikuwa mchongaji, na mchongaji ukimpa tatizo lolote duniani atakujibu kwa mbao. Akatengeneza sanduku la mninga la kuingiza kompyuta nzima, akaliziba ndani kwa sponji aliyoichomoa kwenye kochi la nyumbani kwake, mkewe akabaki anakalia mbao tupu. Nje akachonga nyuso tatu nzuri ajabu. Zilikuwa na macho, pua na midomo, ila katika pua zote hizo hakuna tundu hata moja lililofika ndani. Kelele ilikwisha kabisa, na watu walitoka Temeke kuja kuangalia kompyuta inayokaa kwenye jeneza.

Wiki hiyo hiyo akafariki mama mmoja wa hapo mtaani, mjane mwenye watoto wawili. Wa kwanza alikuwa bosi, amejenga Goba mlimani, na ni mzee wa kanisa. Wa pili ni dada yake, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuja pamoja kuandikisha wasifu, nami nilikuwepo nasubiri kutoa kopi. Dada alianza kusimulia jinsi mama yao alivyopika gongo uani ili kaka yake asome, jinsi alivyolala mahabusu mara mbili kwa ajili ya pombe hiyo, na jinsi alivyotoka mahabusu mara ya pili akaenda moja kwa moja shuleni, hata nywele hajachana, kumwambia mwanaye asiache kufanya mtihani. Bosi akainua mkono. "Mzee, hiyo futa. Andika alikuwa mjasiriamali." Dada akasema, "Kaka, lakini ndiyo yaliyotusomesha." Bosi akarudia, "Futa." Mzee akafuta. Dada akageuza uso akatazama barabarani, na mimi nikajifanya nasoma tangazo la ada za laminesheni.

Siku ya mazishi asubuhi, mzee aliwasha kompyuta achapishe nakala, ikakataa. Akafungua sanduku, joto likampiga usoni kama amefunua chungu cha maharage. Sponji ilikuwa imeanza kunata, na diski ilikuwa imekufa na kila kilichokuwa ndani yake. Akaja msibani mikono mitupu. Ulipofika wakati wa wasifu alisimama mbele ya jeneza akasema, "Ndugu zangu, karatasi imeungulia kwenye sanduku langu. Kosa langu mie, msiwasingizie watu wa umeme. Niruhusuni niseme ninayoyakumbuka." Akasema. Na aliyoyakumbuka yalikuwa pamoja na yale aliyoambiwa afute. Gongo ilikuwamo, mahabusu ilikuwamo, na nywele ambazo hazikuchanwa. Wanawake waliopika pamoja na marehemu, ambao walikuwa wamejikunyata nyuma ya turubai, walipiga vigelegele msibani, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Dada, aliyekuwa hajalia tangu juzi yake, alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Bosi alisubiri watu watawanyike. Alipomfuata mzee baadaye alimwambia, "Umenidhalilisha." Mzee akajibu, "Mwanangu, kichwa changu hakina kitufe cha kufuta. Ningekuwa nacho ningekitumia, kwa heshima yako."

Sasa nisikilizeni nilichofanya mimi, mwandishi wenu mnayemsifu kwa ulimi mkali. Wiki ile niliandika safu nzima kuhusu sanduku. Niliandika habari za mhandisi wa Kiwalani aliyeilaza kompyuta kwenye godoro mpaka ikafa usingizini, nikamwita Injinia Sponji, na wasomaji mkaniandikia kwamba mmecheka hadi machozi. Kuhusu wasifu uliosemwa msibani sikuandika hata neno. Sababu ni rahisi na haipendezi: yule bosi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yangu. Basi nikachagua wa kucheka, nikamchagua yule asiye na kamati. Jina likashika kama gundi. Bosi naye akapita akisema mzee yule hatunzi siri za watu, na wenye magari wakapeleka wasifu zao mjini.

Nilipopita dukani baada ya hapo niliingia kwa tahadhari. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwandishi. Tazama, nimekutunza." Ukutani alikuwa ameitundika safu yangu, ameikata gazetini vizuri na kuilaminisha. Chini yake ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule ule wa kuchora mistari kwenye mti kabla ya kuchonga: "Masahihisho. Ni sponji ya kochi, si ya godoro. Na habari haijaisha." Nilicheka, naye akacheka, nikaamua moyoni kwamba mambo yamekwisha. Ni ajabu jinsi mkosaji anavyokuwa mwepesi wa kumaliza mambo.

Akanionyesha kazi mpya. Diski aliyopewa na dada wa yule bosi, kutoka kwenye kompyuta ya shule iliyotupwa, ilikuwa haigusi kasha popote. Ameining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, amekata kandambili akaweka visigino vyake chini ya kasha, na ubavuni mwa diski amebana kipande cha mfuniko wa sufuria ya alumini, feni ndogo inakipulizia. Sanduku la mninga amelifanya kabati la karatasi. "Sikiliza," akasema. Nikainamisha sikio, nikasikia mnong'ono tu. Nikagusa mfuniko, ulikuwa vuguvugu. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kushika patasi: "Mie nilikosea nikadhani kelele na joto ni ishu moja. Kelele inataka uizuie isigusane na kitu. Joto linataka uliachie lishike kitu, litoke. Ukifunga kila mahali, utapata utulivu wa makaburini." Mitambo ile ilikuwa mibaya kutazama, nusu pancha, nusu jikoni, na vijana waliosomea kompyuta walipoiona walishika mbavu. Ilifanya kazi mpaka wiki aliyoanguka.

Nirudi msibani kwake. Kamati ya mazishi, ambayo haikupata kumtembelea alipokuwa anaumwa kifua, ilimwandalia wasifu uliochapwa mjini kwenye karatasi nzito ya kung'aa. Uliposomwa nilimsikia mdau wa TEHAMA aliyezaliwa kusini, akawa mpole, mchapakazi na mpenda watu. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha mgeni rasmi, alikaa yule bosi wa Goba, miwani nyeusi usoni. Mjane wa mzee alikuwa mkekani hatua chache kutoka nilipokuwa nimekaa. Akanigeukia akaninong'oneza, "Shemeji, huyo wanayemsoma mie simjui. Simama useme ya mume wangu. Wewe unayajua."

Nilimtazama bosi. Nikamwambia mama yule, kwa sauti ya mtu mwenye adabu nyingi, kwamba ratiba imebana na kamati haijanipa nafasi.

Akaniinulia macho yaliyovimba. "Shemeji," akasema, "ulipomcheka uliomba nafasi kwa kamati? Unajua alikuwa anacheka huko dukani. Nyumbani alikaa siku mbili hakugusa chakula, ananiuliza mie kama kweli ni mjinga."

Sikusimama. Naandika hivyo bila kupamba, maana nimekwisha kupamba vya kutosha. Aliyesimama ni dada wa bosi, mwalimu, akapita mbele ya kaka yake bila kumwomba mtu ruhusa. "Mimi namjua kwa jambo moja," alisema. "Nilimpoteza mama yangu mara mbili, mara ya kwanza hospitali, mara ya pili kwenye karatasi. Mzee huyu alinirudishia yule wa pili." Akakaa. Watu waliitikia kwa guno la ndani, lile la kukubali, na mjane akafunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Bosi alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilikuwa bado nimekaa.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi nilifanya ile nusu ya kwanza kwa ufundi mkubwa. Mzee wa watu alikosea mbele ya umma, akasema "kosa langu", akarudi dukani kulirekebisha kwa mpira wa baiskeli mpaka likarekebishika. Mimi kosa langu nililichapisha, nikapongezwa. Haki yake nimeileta leo, wakati yeye hawezi kuisoma wala kuandika masahihisho chini yake. Kwa hiyo wasomaji wangu, mkituona sisi wenye safu tunawachekesha, chekeni, lakini msiishie kutazama tumemcheka nani. Tazameni pembeni yake, mwone ni nani tumempita kimya kimya.