Mwisho Alioutaka Yunusu

Coleta alikuwa fundi cherehani pale Chanji, na ndiye aliyekuwa akituandikia michezo. Kikundi chetu kilizaliwa enzi za chama cha ushirika. Tulikuwa tukiigiza kwenye sherehe za mavuno na mikutano, habari za mbolea na elimu ya watu wazima. Ushirika ulipoanguka, tukabaki kama kuku ambao mwenyewe amehama. Mwaka 1993 mitumba ilikuwa imejaa sokoni, hakuna tena aliyeshonesha gauni jipya, na Coleta alishinda akipunguza suruali za Wazungu ambao, kwa jinsi nguo zao zilivyokuwa, walikuwa na miguu mirefu kama ngazi.

Mumewe, Adolfu, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alipopunguzwa kazi alianza kusema wahamie Tunduma, mpakani, kuliko na biashara. Hawakuhama. Mwezi wa sita, kwenye ule upepo wa baridi unaopasua midomo, alishikwa na homa ya matumbo, akafariki siku ya tisa. Alifia nyumbani, mchana. Coleta alikuwa amekwenda mjini kutafuta dawa. Aliyekuwa na Adolfu ni mama yake mzazi, Agnesi, aliyekuja kutoka Kasense kumuuguza. Alikuwa akimlisha uji wa ulezi kwa kijiko.

Baada ya matanga Agnesi hakurudi Kasense. Wakabaki wajane wawili, nyumba moja, jiko moja, bila mtoto. Walisaidiana kila kitu, lakini neno moja lilikaa kati yao kama kigingi. Coleta alitaka kujua mumewe alisema nini mwisho. Hakuuliza. Na mama, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, hakusema.

Ukapita mwaka mzima, ndipo Coleta alipoandika mchezo wenyewe. Ulikuwa wa watu wawili, mkwe na mama mkwe. Wanachambua maharage, wanateta juu ya chumvi, wanakwepana macho. Mwishoni mkwe anapata ujasiri, anauliza. Mama anajibu: "Aliomba maji. Nilipokwenda mtungini na kurudi, alikuwa ameshakwenda. Hata mimi sikuaga." Wanakaa kimya, mchezo unaisha. Jibu hilo Coleta alilibuni mwenyewe. Alituambia kwamba akishauona ukiigizwa atapata nguvu ya kumwuliza mama mkwe wake kweli. Scola, aliyepangiwa kuigiza mama, alisoma mpaka mwisho akashindwa kuendelea, akafuta macho kwa kanga.

Mimi nilipangiwa kuwa sauti ya marehemu. Sentensi mbili tatu tu, nikiwa nyuma ya pazia, kuhusu kuhamia Tunduma na uji wa mama.

Ukumbi hatukuwa nao. Yunusu alikuwa na banda la video Milanzi, lina jenereta na mabenchi, vijana wanajaa kutazama watu wakipigana mateke. Hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha, akatupa chai, akatazama mazoezi yetu tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatiza.

"Dada Coleta," alisema, "ni mzuri. Lakini watu wangu watalala. Wamezoea mwisho uwashtue."

"Unataka wapigane?"

"Hapana. Nataka mama awe ndiye aliyemuua. Kijana anataka kuhama na mkewe, mama hataki kuachwa, anamtilia sumu kwenye uji. Hakuna anayejua mpaka mwisho. Ukifanya hivyo nawapa Jumapili tatu."

"Watu wanamfahamu mama yangu," Coleta akasema.

"Badilisha majina."

"Majina nimeshabadilisha. Uji sijabadilisha."

Tulikuwa watu sita. Tulizungumza nje ya banda, tumesimama juani. Mimi nilisema mchezo ni mchezo, kila mtu anajua. Scola alisema tumekaa miaka mitatu bila kupanda jukwaani. Tukapiga kura. Mikono mitano ilinyanyuka kukubali, na mmojawapo ulikuwa wangu. Coleta hakunyanyua, lakini siku mbili baadaye alileta ukurasa mpya.

"Nilidhani nitashindwa," aliniambia. "Ulikuja wenyewe, kama maji. Hicho ndicho kilichonitisha."

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Scola alipofungua pindo la kanga na kumimina ule unga wa sumu kwenye bakuli, mama mmoja alipiga kelele, "Usinywe, baba!" Tulipomaliza walipiga makofi na kukanyaga sakafu kwa kishindo. Sijawahi kupata furaha kama ile, na naona aibu kuisema.

Jumapili ya pili wakawa wengi zaidi.

Agnesi hakuja hata mara moja. Alimwuliza Coleta, "Mwanangu, mchezo wenu unahusu nini?"

"Mambo ya nyumbani tu, mama."

Wa kwanza kuleta habari alikuwa Kabula, jirani yao, ambaye familia yake ya Kisukuma ilihamia huku na ng'ombe na ndiyo iliyowauzia maziwa. "Dada, ninyamaze au nikwambie?" alisema. "Watu wanasema umeandika yaliyotokea. Wanasema hata safari ya Tunduma ilikuwa kweli."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilishika.

Majirani waliacha kuja kuomba moto. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao Agnesi alipofika. Kulikuwa na msiba mtaa wa pili, naye akaenda kupika kama desturi. Wanawake wakamwambia kwa adabu kabisa, "Pumzika, mama," wakamtoa mwiko mkononi. Alirudi nyumbani mapema, akakaa uani akiwa bado amevaa kanga zake za msibani.

Baada ya Jumapili ya tatu Coleta aliamka na homa. Agnesi akapika uji, akamletea kikombe kitandani. Coleta alikipokea, akatazama ndani kabla ya kunywa. Aliniapia kwamba ilikuwa nukta moja tu, pengine nusu. Lakini ilitosha. Agnesi alikichukua kile kikombe mkononi mwake, akanywa funda moja, akameza, akamrudishia.

"Sasa kunywa," alisema.

Coleta alikunywa chote akilia. Asubuhi iliyofuata alimkuta mama amefunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa kaka yangu, bondeni. Hapa nimeshakuwa mgeni."

"Mama, ule mwisho ni uongo. Nilishinikizwa kuuandika. Nisamehe."

Agnesi alijitwika mzigo. "Ungeniuliza, mwanangu," akasema, "ningekuambia." Akatoka. Coleta alimfuata mpaka stendi akimsihi. Hakugeuka.

Bonde la Rukwa lina joto na mbu, na mtu wa nyanda za juu akishuka huko uzeeni hujaribiwa sana. Tena habari zilishuka naye, maana madereva wa malori walikuwa wameuona mchezo. Mwezi wake wa tatu huko alishikwa na malaria kali. Kaka yake alitafuta watu wa kumbeba machela hadi zahanati, akazunguka siku mbili, kila mlango una sababu yake. Siku ya tatu hakukuwa na haja ya machela.

Nilikwenda na Coleta. Tulikuta amezikwa. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kupasuka kwa jua. Coleta alimwuliza yule kaka kama marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu siku aliyokufa Adolfu.

"Hakusema," alijibu mzee. "Dada yangu alikuwa mtu wa kimya."

Tuliporudi, Coleta alimwomba Yunusu alasiri moja ya kuigiza mchezo kama alivyouandika mwanzo. Yunusu alikubali palepale, hakutaka kumtazama usoni. Walikuja watu kama thelathini. Scola alisema yale maneno ya maji na mtungi, wakakaa kimya yeye na mwenzake, nami nikadhani sasa wataelewa. Sauti ikatoka nyuma: "Sumu iko wapi?" Banda zima likacheka. Mzee mmoja aliniambia mlangoni, kwa nia njema, kwamba ule wa kwanza ulikuwa bora. Kwake yeye wa kwanza ni ule wa sumu.

Siwezi kukana kwamba alichotaka Yunusu kilijaza banda. Lakini hakuna mtu hata mmoja, baada ya zile Jumapili tatu, aliyenitajia maharage, au chumvi, au jinsi wale wanawake wawili walivyokwepana macho.

Kikundi kilikufa mwaka ule. Coleta aliendelea kushona, sare za shule zaidi. Kuna watu waliuchukua mchezo wakauigiza Mpanda, bila jina lake, na mwisho ule ule.

Miaka minne baadaye nilikuwa nimekaa kibarazani kwake nikisubiri shati. Mteja mmoja, mwanamke mfanyabiashara, mgeni, alikuwa akipimwa gauni, akipiga soga.

"Nasikia huku kwenu kuna bibi alimuua mwanawe kwa uji."

"Namfahamu," alisema Coleta, pini zikiwa mdomoni. Akazitoa. "Hakumuua."

"Kwani ulikuwepo?"

Coleta alikunja utepe wa kupimia, akaukunjua tena.

"Sikuwepo," alisema.

Yule mwanamke alicheka kidogo, akaomba gauni libanwe zaidi kiunoni.