Mabua ya Mutindi

Mwaka 1974, huko Kibwezi, mwanamke mwenye bidii alitambulikana kwa shamba safi, lisilo na jani wala bua. Mutindi, mke wa Muli, hakuchoma mabua yake. Aliyalaza juu ya udongo katikati ya mistari ya kunde. Mama mkwe wake, Mbula, aliuona huo kuwa uvivu, akaapa kumnyang'anya kipande hicho ampe mkaza mwana mwingine.

“Shamba lako linalala na nguo mchana,” alimsuta.

“Lako halina nguo, mama, na jua halina adabu.”

Mvua ikakatika kwa wiki tatu. Adhuhuri moja Mbula alikuja miguu mitupu kulitwaa shamba. Katika lake alipita mbiombio, kwa kuwa udongo ulimchoma nyayo. Alipoingia kwa Mutindi, akapunguza mwendo. Akainama, akafunua mabua, akachota udongo. Ulikuwa baridi, ukashikamana kiganjani. Kunde za hapo zilikuwa zimesimama, ilhali zake zilikuwa zimenyauka.

“Mabua yamebaki?” akamuuliza Mutindi.

“Yamebaki, mama.”

“Basi nisaidie kubeba. Na Muli asijue kwamba nimeomba.”

Mutindi alikilima kipande hicho mpaka uzeeni.